"Mbingu Waliyogawana": Mtendaji Asiyetajwa katika Riwaya ya Christa Wolf kuhusu Ujerumani Baada ya Vita

Ikisiri

Makala haya yanaisoma upya riwaya ya Christa Wolf, *Der geteilte Himmel* (1963), kwa kuanzia kwenye swali la tafsiri: anwani yake ingeandikwaje kwa Kiswahili? Inadaiwa kwamba kauli za kitenzi *gawa* humlazimisha mfasiri aseme, au akatae waziwazi kusema, ni nani walioigawa Ujerumani baada ya 1945, jambo ambalo anwani ya Kijerumani imelifunika. Swali hilo linafichua ukimya ulio ndani ya riwaya yenyewe: mataifa yaliyoikalia nchi hayaonekani, ilhali matokeo ya kazi yao yako katika kila ukurasa.

Mafungu

Ujerumani ilianza kugawanywa kabla haijashindwa. Tarehe 12 Septemba 1944 wajumbe wa Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti walitia saini jijini London itifaki iliyochora mipaka ya kanda ambazo majeshi yao yangezikalia, ilhali karibu ardhi yote iliyochorwa ilikuwa bado mikononi mwa serikali ya Hitler. Mkutano wa Yalta wa Februari 1945 uliikubalia Ufaransa fungu lake, ambalo lilimegwa kutoka katika mafungu ya Marekani na Uingereza. Tarehe 5 Juni 1945 makamanda wa mataifa hayo manne walitangaza mjini Berlin kwamba mamlaka ya juu ya nchi yamo mikononi mwao. Jiji hilo lenyewe, lililokuwa ndani kabisa ya kanda ya Kisovieti, lilikatwa vipande vinne pia.

Mji wa Halle unaonyesha vizuri jinsi mafungu hayo yalivyofanya kazi. Wanajeshi wa Marekani waliuteka mwezi Aprili 1945. Mwanzoni mwa Julai walifungasha wakaondoka, na wanajeshi wa Kisovieti wakaingia, kwa kuwa ramani ilikuwa imeuweka mji huo upande wa pili. Siku hizohizo Wamarekani na Waingereza walikuwa wakiingia katika sehemu zao za Berlin. Hapakuwa na risasi iliyopigwa wala mkazi aliyeulizwa. Wolf aliishi Halle kati ya 1959 na 1962, na mji wa viwanda ambao riwaya yake inausimulia bila kuutaja jina unatambulika kuwa ni huo. Msomaji wa riwaya hataambiwa lolote kuhusu makabidhiano ya Julai 1945.

Kwa hatua hii ya kwanza, kitenzi cha Kiswahili kinachofaa ni *kugawana*. Ndugu hugawana urithi na wawindaji hugawana nyama. Wanaogawana wanafahamiana, wana makubaliano, na kila mmoja anajua fungu lake. Ugomvi ulikuja baadaye. Wajumbe wa Kisovieti waliondoka katika Baraza la Udhibiti la mataifa manne tarehe 20 Machi 1948. Mwezi Juni kanda za magharibi zilipata sarafu mpya, Berlin ya Magharibi ikazingirwa hadi Mei 1949, na kabla mwaka huo haujaisha zilikuwapo dola mbili, Jamhuri ya Shirikisho na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Kuhusu hatua hii ya pili kalamu huvutwa upande mwingine: huandikwa kwamba Ujerumani *iligawanyika*. Tofauti kati ya vitenzi hivi viwili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Mfupa ndani ya kitenzi

Mifano ifuatayo inatosha kulionyesha tatizo:

(1) a. Mataifa manne yaligawana Ujerumani.
b. Ujerumani iligawanywa na mataifa manne.
c. Ujerumani iligawanyika.
d. *Ujerumani iligawanyika na mataifa manne.

Sentensi (1d) haikubaliki kwa maana ya kwamba mataifa manne ndiyo watendaji. Ikisikika, itasikika kwa maana ya "pamoja na" tu. Kauli ya kutendeka haimpi mtendaji nafasi yoyote. Kauli ya kutendwa katika (1b) inaweza kumficha kwa kuacha kumtaja, lakini kiti chake kinabaki, na msomaji anaweza kuuliza "na nani?" Katika (1c) swali hilo halina pa kukaa. Nchi imegawanyika kama chungu kilichopasuka.

Hata hivyo mofolojia ya kitenzi ina kumbukumbu. Shina *gawanya* limetokana na *gawana* kwa kuongezewa kiambishi kikongwe cha kutendesha, kama vile *pona* inavyozaa *ponya* na *ona* inavyozaa *onya*. Ndani ya *gawanyika*, basi, mna mzizi *-gaw-*, kisha *-an-* ya kutendana, kisha *-y-* ya kutendesha, kisha *-ik-* iliyokuja kuwafuta watendaji wote. Wale waliogawana bado wamo ndani ya neno kama mfupa ndani ya nyama, ijapokuwa sintaksia imewafukuza kwenye sentensi. Msemaji wa kawaida haukumbuki mnyambuliko huu anapozungumza, na hoja hii isichukuliwe kuwa asili ya neno ndiyo maana yake. Lakini mhakiki anayeulizwa kwa nini *gawanyika* inaonekana kuficha jambo anaweza kujibu kwamba umbo lenyewe linaonyesha kilichofichwa.

Kijerumani kina njia yake. Kitenzi *teilen* hubeba maana mbili kwa wakati mmoja: kukata kitu vipande na kutumia kitu pamoja na mwingine. Umbo *geteilt* lililo katika anwani, ambalo ni kitenzi kilichogeuzwa kivumishi, halimtaji mtendaji, na halisemi ni maana ipi kati ya hizo mbili inayotakiwa. Mbingu hiyo imekatwa, au ni mbingu ambayo watu wawili waliishi chini yake pamoja? Anwani inasema yote mawili. Wafasiri wa Kiingereza wameshughulika na mzigo huu kwa namna tofauti. Tafsiri ya Joan Becker, iliyotoka Berlin ya Mashariki mwaka 1965, ilishika maana ya kukatwa peke yake na kumwacha mtendaji gizani. Luise von Flotow, katika tafsiri mpya ya 2013, aliandika anwani yenye kiima cha nafsi ya tatu wingi: wao waliigawa mbingu. Ni uamuzi wa kijasiri, na umewarudisha watendaji. Lakini maana ya kushiriki pamoja imepotea katika tafsiri zote mbili, kwa kuwa Kiingereza hakina kitenzi kimoja kinachoibeba.

Riwaya na ukimya wake

Kisa kinafahamika. Rita Seidel, msichana wa kijijini, anampenda Manfred Herrfurth, mkemia aliyemzidi umri kwa miaka kumi. Anahamia mjini kusomea ualimu na kufanya kazi katika kiwanda cha mabehewa ya reli. Manfred anabuni mashine, ubunifu wake unakataliwa na wakubwa wa viwanda, naye anakwenda Berlin na kubaki upande wa magharibi. Rita anamfuata kwa siku moja tu, Jumapili ya wiki iliyotangulia tarehe 13 Agosti 1961, kisha anarudi. Riwaya inaanza mwisho: Rita anazinduka hospitalini baada ya kuanguka kiwandani katikati ya mabehewa mawili, na msomaji anaachiwa kuamua kama ilikuwa ajali.

Uhakiki mwingi umeisoma hadithi hii kama hadithi ya uchaguzi. Upande mmoja unamsifu au kumlaumu Rita kwa kurudi. Upande mwingine unamhurumia au kumhukumu Manfred kwa kuondoka. Mjadala mkali uliozuka katika Jamhuri ya Kidemokrasia mara riwaya ilipotoka ulikuwa wa namna hiyo, na haukumzuia Wolf kupewa Tuzo ya Heinrich Mann mwaka huohuo wa 1963. Usomaji huu hauna kosa, ila unakubali mapema mno kwamba jambo la kujadiliwa ni chaguo la watu wawili. Chaguo lenyewe liliandaliwa na nani? Katika riwaya hakuna ofisa wa Kisovieti anayetoa amri wala jipu la Kimarekani linalopita barabarani. Ukuta wenyewe haujengwi mbele ya macho ya msomaji. Mpaka unavukwa kwa treni ya kawaida ya jijini, yenye abiria wa kawaida. Kinachowatenganisha wapenzi kinaonekana kuwa tabia zao: ubaridi wa Manfred, uaminifu wa Rita, uchovu wa nyumba ya akina Herrfurth.

Je, ni woga wa mwandishi aliyekuwa mwanachama wa chama tawala? Jibu hilo ni rahisi na lina ukweli kiasi. Kitabu kilichochapishwa Halle mwaka 1963 kisingeweza kuujadili waziwazi ukaliaji wa Kisovieti. Lakini ukimya unaolazimishwa unaweza kufanyiwa kazi ya kisanaa, na ndivyo ilivyo hapa. Baba yake Manfred alivaa sare ya kikosi cha SA cha Hitler, na baada ya vita akachukua kadi ya chama kipya bila kubadilika ndani. Kwa mzee huyu mtendaji hafichiki: mgawanyo ni matokeo ya vita ambavyo watu kama yeye walivianza au waliviunga mkono. Manfred analijua hilo, na chuki yake kwa baba ndiyo inayomfanya asiamini chochote kinachosemwa na dola mpya inayomkubali mtu kama huyo. Wolf amewaweka watendaji wa kabla ya 1945 ndani ya nyumba, kwenye meza ya chakula, na amewaondoa wale wa baada ya 1945.

Hapa methali ya wapiganao tembo na nyasi ziumiazo, ambayo mhakiki wa Kiswahili angeshawishika kuitumia, inahitaji uangalifu. Nyasi hazina kosa. Mzee Herrfurth hakuwa nyasi, na nchi yake ilikuwa tembo mkubwa kuliko wote hadi ilipoangushwa. Methali inamfaa Rita, aliyekuwa mtoto mdogo vita vilipomalizika. Kwa kizazi cha wazazi wa Manfred ingekuwa msamaha ambao riwaya hautoi. Tofauti hiyo ya vizazi ndiyo inayofanya kauli ya kutendeka ivutie sana. *Iligawanyika* inawafaa wote: mzee anayetaka kusahau, mtawala asiyetaka kutajwa, na kijana asiyejua amlaumu nani.

Mbingu au anga

Neno la pili la anwani lina ugumu wake. *Himmel* ni mbingu na ni anga. Kiswahili kinatenganisha. *Mbingu* ni makazi ya matumaini na ya sala. *Anga* ni mahali pa ndege, hali ya hewa na, katika lugha ya dola, mamlaka: anga la nchi hulindwa na huvunjwa.

Riwaya inalitumia neno hilo kwa upana wake wote. Siku ambayo behewa jipya linafanyiwa majaribio kwenye reli ni siku ya Aprili 1961 ambapo zinafika habari za Yuri Gagarin kuruka kwenda anga za juu. Wendland, meneja kijana wa kiwanda, anaona ndani yake ahadi ya dunia mpya. Manfred anaona propaganda tu. Anga limeshakuwa la upande mmoja hata kabla wapenzi hawajaachana. Jioni ya mwisho mjini Berlin, Manfred anajaribu kujifariji kwamba angalau mbingu haiwezi kukatwa, na Rita anamjibu kwa kuigeuza kauli hiyo juu chini.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyoipa riwaya anwani, na yamezoeleka kusomwa kama sitiari tupu. Kihistoria Rita yuko sahihi kwa maana ya moja kwa moja. Novemba 1945 mataifa manne yalikubaliana juu ya njia tatu za anga kutoka kanda za magharibi hadi Berlin, kila moja ikiwa na upana wa maili 20, yaani kilomita 32 hivi. Ndege za magharibi zilipaswa kubaki ndani ya njia hizo. Kwa njia hizohizo Berlin ya Magharibi ililishwa wakati wa mzingiro wa 1948 na 1949, kwa safari za ndege zaidi ya 270,000. Ukuta ulikuja miaka kumi na sita baada ya anga kukatwa vipande. Manfred, mwanasayansi asiyeamini propaganda, ndiye anayesema jambo lisilo kweli. Mwanafunzi wa ualimu ndiye mwenye hesabu sahihi, ijapokuwa hakuna ushahidi katika matini kwamba anazifikiria ndege.

Kwa mazungumzo haya Kiswahili kina bahati. Kauli ya kutendeka hubeba pia maana ya uwezekano: kumi hugawanyika kwa mbili, saba haigawanyiki. Manfred angesema kwamba mbingu *haigawanyiki*, akimaanisha uwezekano. Rita angelichukua neno lilelile na kulirudisha kwa maana ya hali iliyokwisha kutokea, kwamba ndiyo ya kwanza *kugawanyika*. Kiambishi kimoja, maana mbili, na katikati yake mapenzi yanavunjika. Mahali pa *-ika* ni hapa, kinywani mwa wapenzi wasiomtaja mtendaji. Si kwenye jalada la kitabu.

Kuhusu nomino, *anga* ingempa msomaji njia za ndege na Gagarin, lakini ingemnyang'anya Manfred faraja yake, kwa kuwa hakuna anayejifariji kwa kulitaja anga. *Mbingu* ina nguvu zaidi, na upotevu wake ni mdogo: msomaji anayejua historia ataliona anga ndani ya mbingu, ila aliyepewa anga hataiona mbingu.

Wao ni nani?

Linabaki suala la kitenzi cha anwani. *Mbingu Iliyogawanyika* ni nyepesi kutamka na inaingia vizuri sikioni, lakini inafanya mgawanyo uwe kama hali ya hewa. *Mbingu Iliyogawanywa* inaacha kiti cha mtendaji kikiwa wazi, ila inapoteza maana ya kushiriki. Makala haya yanapendekeza *Mbingu Waliyogawana*. Kitenzi *gawana* kinabeba maana zote mbili za *teilen*: watu hugawana nchi na hugawana chumba. Kirejeshi *-yo-*, badala ya *-zo-*, kinasema kwamba ilikuwa moja ilipoanza kugawanwa. Kwa kuwa *mbingu* haina alama ya umoja wala wingi, uamuzi huo mdogo ni wa mfasiri. Kiambishi *wa-* nacho kinafanya lile ambalo riwaya inalifanya: kinathibitisha kwamba watendaji wapo na kinakataa kuwataja. Msomaji akianza kusoma atadhani ni Rita na Manfred, waliotazama mbingu hiyo pamoja kutoka dirisha la chumba cha juu katika nyumba ya akina Herrfurth. Akifika Berlin ataanza kuwashuku wengine.

Pingamizi moja lina uzito. Inaweza kusemwa kwamba *waliyogawana* inasikika kama makubaliano mema, wakati mgawanyo wa Ujerumani uliwaumiza mamilioni. Watu zaidi ya milioni mbili na nusu waliihama Jamhuri ya Kidemokrasia kati ya 1949 na 1961. Lakini wema ulio ndani ya *gawana* ni wema baina ya wagawanaji. Kinachogawanwa hakiulizwi. Msomaji wa Tanzania, Rwanda au Burundi hahitaji kufundishwa tofauti hiyo. Mwaka 1919 Ujerumani iliyoshindwa ilipokonywa koloni lake la Afrika Mashariki, na Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakapatana kwa amani: Rwanda na Urundi fungu la Ubelgiji, Tanganyika fungu la Uingereza, Ureno ikapata pembe ya Kionga kusini. Haifai kukimbilia kusema kwamba mwosha huoshwa, eti jiji lililoandaa mkutano wa 1884 na 1885 kuhusu Afrika lilipata malipo yake mwaka 1945. Ujerumani iligawanywa baada ya kuanzisha vita vya maangamizi. Waha na Wanyarwanda hawakuwa wamemvamia mtu. Kinachofanana ni sarufi, kwamba wanaogawana huketi upande mmoja wa kitenzi.

Msomaji huyohuyo amewahi pia kuzisikia pande mbili za mbingu hiyo kwa lugha yake. Deutsche Welle ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1963, mwaka wa riwaya, na Radio Berlin International ya upande wa mashariki nayo ilitangaza kwa Kiswahili hadi dola yake ilipotoweka mwaka 1990. Kati ya matangazo hayo mawili, Tanzania ililipa gharama halisi: mwaka 1965, Dar es Salaam iliporuhusu konseli kuu ya Ujerumani ya Mashariki, Bonn iliondoa msaada wake wa kijeshi, ukiwamo wa kufunza kikosi cha anga, na Nyerere akaukataa msaada wa kiserikali uliobaki. Kwa hadhira hii *wa-* isiyo na jina si fumbo la kigeni.

Hoja ya mwisho ya kuchagua mzizi *-gaw-* iko kwenye ukurasa wa mwisho wa riwaya. Rita amepona. Anatembea jioni mitaani, anatazama madirisha yenye taa, na anawaza kuhusu wema ambao watu huutumia mchana kutwa na ambao huzalishwa upya kila siku. Haogopi kuambulia patupu wema huo utakapotolewa. Neno la Kijerumani lililotumika kwa utoaji huo ni *Verteilen*, lenye mzizi uleule wa *geteilt*. Riwaya inaanza kwa mgawanyo kwenye jalada na inaishia kwa mgao, na sauti ni ileile. Mfasiri aliyechagua *pasuka* au *tenganishwa* kwenye anwani atafika hapa bila kitu mkononi. Aliyechagua *gawana* anaweza kuandika kwamba Rita haogopi: wema ukigawiwa watu, naye atagawiwa.